Kiti Kilichotazama Nyuma

Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, la spoti, la viti viwili, boneti yake ndefu kuliko nafasi ya watu kukaa. Lilipokuwa jipya nadhani lilikuwa la kijani. Nasema nadhani kwa sababu mke wangu anasema lilikuwa jeusi likapauka, na macho yake ni mazuri kuliko yangu.

Nililipata Natta, kwenye kambi moja ya watalii. Mzungu aliyekuwa akiangalia majenereta ya pale aliliacha chini ya mgunga mkataba wake ulipokwisha, na kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Wakati huo nilikuwa dereva wa lori la chama cha ushirika, nabeba pamba na mahindi, na kila nilipopita Natta nilikuwa naligeukia lile gari kama mtu anayegeukia harufu ya nyama choma. Msimamizi wa kambi aliniona. Tukapatana kwa dume moja la ng'ombe na kazi ya kufufua pampu yao ya maji. Nikalivuta kwa mnyororo kuzunguka njia ya Musoma, tukavuka Mto Mara kwa pantoni, mpaka nyumbani Bomani, Tarime mjini. Pale kwenye pantoni mama mmoja mwenye kapu la samaki aliuliza kama hilo ni gari au ni mtoto wa lori. Nilimjibu ni mtoto.

Shule yangu mimi iliishia darasa la nne. Naandika kiasi cha kujisomea mwenyewe, na nimekuwa nikiandika mambo ya kila siku tangu ujana, sijui kwa nini. Niliyoandika kuhusu gari ni mafupi mno. "Mvua. Springi." Au: "Kabureta ya pili bado." Kwa hiyo mengi ya haya natoa kichwani, na kichwa kinaweza kupotoka. Panapokuwa na ubishi nitasema.

Miaka ile ilikuwa ya ujamaa, na gari la watu wawili lilikuwa na maelezo ya kutoa. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja asubuhi ya kwanza, akalizunguka, mikono mgongoni.

"Mura, kijana, hili linabeba watu wangapi?"

"Wawili, mzee."

"Wewe na nani?"

"Mimi na mke wangu."

"Na jirani yako akiugua?"

"Mke wangu atashuka."

"Na mke wa jirani, anayemsindikiza mgonjwa?"

Akaipiga boneti kwa kiganja, polepole, kama mtu anayepima ng'ombe mnadani. "Basi hili ni gari la ubinafsi," akasema.

Jina likashika. Watu walikuwa wakinipita asubuhi na kuuliza, "Ubinafsi umeamkaje?" Nami najibu, "Ubinafsi uko juu ya mawe." Ni haki niseme kwamba balozi hakusema kwa ubaya. Jioni ile ile alirudi, akaomba kukaa kwenye usukani, akakaa muda mrefu, kofia yake ikigusa turubai la juu.

Ufundi niliokuwa nao ulikuwa wa malori. Lori ukilikosea linakuvumilia. Lile gari lilikuwa na kabureta mbili, na zote mbili lazima zivute hewa sawasawa, la sivyo injini inakohoa kama mzee wa kiko. Nilikata kipande cha mpira wa maji, ncha moja nikaweka sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, nikawa nasikiliza huku, nasikiliza kule, nageuza skrubu kidogo, nasikiliza tena. Majirani walisema nalipima gari homa. Raba za breki sikuzipata Tarime wala Musoma, na jamaa mmoja wa Sirari, mpakani, aliyejua maduka ya ng'ambo alisema tu, "Hiyo ni ya kitambo sana, bwana." Nikachukua raba za gari jingine nikazisugua kwa msasa mpaka zikakubali kuingia. Jumapili alasiri magari ya watu binafsi yalikuwa hayaruhusiwi barabarani, kwa ajili ya kubana mafuta, basi hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu ya kulala chini ya gari bila mtu kuniuliza kwa nini siliendeshi.

Tumbo lake lilikuwa chini mno kwa njia zetu. Nilichukua majani ya springi ya gari la taka lililokufa, nikayapunguza, nikayaongeza kwenye springi za nyuma, na mbele nikaweka vikombe vya chuma juu ya zile springi za mviringo. Chini ya injini nikafunga bamba lililotoka kwenye bodi la tipa. Likasimama juu kama mbuzi aliyesikia kitu. Mzungu wa Natta angeliona nadhani angelia. Lakini lilipita mahali ambapo awali lilikuwa linalala.

Jambo moja tu lilinishinda, nalo ni oili. Lilikuwa linakula oili, na oili ilikuwa adimu kuliko sukari. Nilitandika majani ya mgomba chini yake, asubuhi nikakuta makavu, kwa hiyo halikuwa linavuja. Basi lilikuwa linaiunguza. Lakini dereva haoni moshi wake mwenyewe. Nilimwomba balozi asimame barabarani nipite, akasema moshi ni mweupe. Mwenye duka la chumvi akasema ni wa buluu. Mke wangu akasema ni vumbi, na kwamba nimewachosha watu. Kila mmoja nilimwamini alipokuwa anasema.

Gari likiwa katika hali hiyo ndipo habari ya macho ilipokuja.

Mama mkwe wangu alikuwa anakaa Gorong'a, kwenye boma la mumewe, baba mkwe wangu, na kwa muda macho yake yalikuwa yanaingiwa na ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Mke wangu alikwenda kumsalimia akarudi. Baadaye, akiwa anapepeta ulezi, akaniambia mama yake amemimina uji nje ya kibuyu, ukamwagika wote chini, naye akaendelea kumimina. Watu waliokuwepo walinyamaza mpaka uji ukaisha. Sasa tangazo lilikuwa limetoka kwamba daktari wa macho angefika hospitali ya mjini baada ya mavuno, akae siku chache tu, na akiondoka hakuna aliyejua angerudi lini. Mama akifika angeweza kuona tena. Asipofika, basi.

Basi la abiria lilikuwa halifiki Gorong'a. Lori langu la ushirika lilikuwa linangoja giaboksi, na hata kama lingekuwa zima, yule mama alikuwa na nyonga mbovu, asingeweza kupanda juu ya magunia.

"Ubinafsi upo," mke wangu akasema.

"Una viti viwili."

Alielewa nilichomaanisha, na msomaji wa mbali labda haelewi, kwa hiyo naeleza. Kwetu Wakurya mtu na mama wa mke wake hawakai pamoja. Si chuki, ni heshima nzito. Akinikuta njiani anaingia majanini, anajifunika, mpaka nipite. Na mimi nageuzia uso upande mwingine. Hatuongei ana kwa ana, hatuli pamoja, hatukai chini ya paa moja. Tangu nimwoe binti yake nilikuwa sijauona uso wake sawasawa. Nilikuwa namjua kwa kikohozi. Alikuwa na kikohozi cha namna yake, viwili vifupi na kimoja kirefu, na nikikisikia nyuma ya nyumba najua nisipite upande huo. Sasa mtu huyo akae bega kwa bega na mimi, ndani ya gari ambalo ukibadilisha gia kiwiko chako kinamgusa jirani? Kwake yeye, afadhali angekaa gizani maisha yake yote. Na angekaa kweli. Huo ndio ulikuwa ubaya wake.

Nilimwomba dereva mwenzangu wa ushirika aendeshe yeye. Alijaribu. Klachi ya lile gari ilikuwa inashika ghafla, huku juu kabisa, na kabla hajaizoea alikuwa ameingia kwenye uzio wa minyaa wa balozi. Alishuka akanirudishia ufunguo kwa mikono miwili.

"Basi ongeza kiti," mke wangu akasema. "Kule nyuma kwenye buti. Akae akitazama nyuma. Wewe unatazama mbele, yeye anatazama nyuma. Mtakuwa mmegeuziana migongo. Kuna ubaya gani?"

Natamani ningesema wazo lilikuwa langu. Watu wengi Tarime waliamini hivyo na sikuwahi kuwakatalia kwa sauti kubwa.

Nilitoa mfuniko wa buti na kuufunga chini uwe pa kuwekea miguu. Kiunzi cha kiti nilikitengeneza kwa vyuma vya kitanda cha zamani, kwa upana wa mtu mmoja na mzigo wake, na mikono ya kushikilia pande zote mbili. Bomba la ekzosi lilikuwa linatokea chini ya miguu pale pale, kwa hiyo niliunganisha kipande cha bomba la maji likapindia kando, moshi usimpate. Matandiko na pazia alishona fundi cherehani mmoja wa Bomani, mtu wa asili ya pwani, Mwislamu mcha Mungu na mtani mkubwa. Nilimweleza nataka pazia la turubai litakalotenga viti vya mbele na kile cha nyuma, zito, lisipeperuke.

"Hebu nikuelewe, bwana," akasema, kanda ya kupimia shingoni. "Unamjengea mama mkwe kiti, halafu unamjengea ukuta?"

"Ndiyo."

"Sisi kwetu mama mkwe tunampikia pilau."

"Na sisi tunampikia. Tunaiacha pale tunaondoka."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akashona pazia lile kwa uzi wa mara mbili, akakijaza kiti pamba iliyofagiwa kwenye kinu cha kuchambulia pamba, na kwenye kona ya mto akadarizi ua dogo jekundu ambalo sikuwa nimeliomba. Nilimwambia mama haoni. "Atarudi nalo akiona," akanijibu, na hakunitania tena siku hiyo.

Baba mkwe alikuja mwenyewe kukagua. Alikuwa mzee mrefu, mkali kidogo, ila mimi hakuwahi kunionea, hilo niseme. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akapanda kwenye kiti cha nyuma na fimbo yake, akaniamuru nimzungushe Bomani yote. Watu walitoka madukani. Mzee akapita akiwatazama kinyumenyume, mmoja mmoja, kama anayewaaga.

Tuliporudi akaegemea fimbo yake. "Hapa mtu anaona alikotoka tu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Si vibaya. Kwa mtu mzima si vibaya." Kisha akashuka, akaja upande wa mbele, akainama, akainua fimbo na kugusa kile kioo kidogo cha juu, cha kutazamia nyuma. "Na hiki?"

Kwa muda wote ule sikuwa nimefikiria kioo. Nilikaa kwenye usukani nikatazama. Pazia lilikuwa na ufa mwembamba juu, karibu na turubai la paa, na kwenye ufa ule, ndani ya kioo, nikaona kofia ya balozi aliyekuwa amepanda nyuma kujaribu kiti. Kama nimemwona balozi, ningemwona mama mkwe. Nikachukua bisibisi nikakitoa mbele ya mzee. Vioo vya pembeni vilikuwa vimevunjika tangu Natta, kwa hiyo gari likawa halina jicho la nyuma hata moja. Trafiki angekuwa na neno. Lakini trafiki hana binti kwangu.

Balozi akashuka, akahesabu viti kwa kidole. "Sasa ni ubinafsi wa watu watatu," akasema. Nilichukua hiyo kama sifa.

Siku za daktari zilipofika, mimi na mke wangu tulikwenda Gorong'a, tukalala njiani, tukafika asubuhi ya siku ya pili. Mimi nilibaki kwenye gari, nimetazama mbele, mikono kwenye usukani. Nilisikia wanawake wakimleta. Nilisikia kikohozi: viwili vifupi, kimoja kirefu. Gari likazama kidogo nyuma, springi zikalia, na mke wangu akaja kukaa karibu yangu. Naandika maneno ya mama kwa Kiswahili, ila yote aliyasema kwa Kikurya.

"Mwambie huyo mtu nimekaa," sauti ikasema nyuma ya pazia.

"Mama anasema amekaa," mke wangu akaniambia.

"Mwambie mama nimesikia."

"Anasema amesikia."

"Mwambie kiti ni laini."

"Anasema kiti ni laini."

Tukaenda hivyo. Wote watatu tulikuwa tunasikiana vizuri sana, lakini kila neno lilisimama kwanza kwa mke wangu kama mzigo kwenye kizuizi cha ushuru. Baada ya mwendo kidogo mke wangu akachoka. Akawa ananiambia, "Umesikia," basi.

Kulikuwa na kilima kimoja cha udongo mwekundu, njia imekatwa ubavuni mwa mlima: upande mmoja ukingo wa udongo, upande wa pili wazi, bonde. Mvua ya usiku ilikuwa imekilainisha. Nikaingiza gia ya kwanza, tukapanda nusu, gari likaishiwa pumzi. Nikarudi chini nikajaribu tena. Vilevile. Zile springi zilizolinyanyua na mtu wa nyuma vilikuwa vimegeuza uzito, na gia ya kwanza ya gari la spoti haikutengenezwa kwa vilima vya Gorong'a.

"Mwambie mama ashuke, tumwongoze kwa mguu," nikasema.

"Mimi sishuki," sauti ikasema kabla ya kuambiwa. "Nyonga yangu imepanda mara moja. Haipandi mara mbili."

Madereva wa malori tunajua jambo moja: gia ya kurudi nyuma mara nyingi ina nguvu kuliko ya kwanza. Nikaligeuza gari pale chini ili lipande kilima kinyumenyume. Mke wangu akashuka kupunguza uzito, akashika jiwe la kuzuia magurudumu ya mbele, ambayo sasa ndiyo yalikuwa upande wa chini ya kilima. Nikaweka gia. Likapanda. Likapanda vizuri hata nikafurahi, na ndipo nikakumbuka kwamba sioni ninakokwenda. Kioo sina. Nikigeuza kichwa nakuta pazia, na nyuma ya pazia mtu nisiyetakiwa kumtazama, akiwa sasa ndiye aliyetangulia.

"Kulia!" mke wangu akaita toka chini.

Nikakata kulia. Lakini yeye alikuwa anatazama juu na mimi natazama chini. Kulia kwake kulikuwa kushoto kwangu. Nilikuwa nalielekeza gari bondeni.

"Wewe gari," sauti ikasema nyuma yangu, bila haraka. "Simama."

Nikakanyaga breki. Zile raba za msasa zilishika, nashukuru mpaka leo.

Hakumtaja mtu. Hakuniambia mimi, hakumwambia binti yake niambiwe. Alikuwa ameongea na gari.

"Gari, huku kuna mwanga mwingi mno," akasema. "Penye mwanga mwingi hakuna ardhi. Njoo upande wa giza."

Nikaelewa. Macho yake hayakuwa yanaona kitu, lakini mwanga na giza yalikuwa bado yanavitenga. Ukingo wa udongo ulikuwa kwake ni kivuli, bonde lilikuwa ni anga jeupe. Nikakata usukani upande wa ukingo, nikaachia klachi kidogo.

"Hivyo. Njoo. Usikimbie, kuna mtu mzima huku. Giza limezidi sasa, unataka kunipaka udongo? Rudi kwenye mwanga kidogo. Hivyo hivyo, gari."

Mke wangu alitufuata na jiwe lake, hana kazi, akicheka huku anafuta jasho. Tukapanda kilima chote namna hiyo, mama akiwa mbele, mimi nikiwa nyuma yake nimempa mgongo. Juu kileleni nikazima injini ipoe. Nilitaka kusema asante na sikujua nipitishe wapi. Mke wangu alikuwa bado hajafika. Mwishowe nikaupapasa usukani nikasema, "Gari hili limeshukuru."

Nyuma kikohozi. Viwili vifupi na kimoja kirefu. Sijui kama kilikuwa jibu. Mke wangu anasema ni vumbi tu lilimpalia, na yeye hakuwepo, kwa hiyo tuko sawa.

Daktari alikuwepo. Foleni ilikuwa ndefu, watu wametoka mpaka kwa Waikoma, kule Serengeti, lakini mama alipokewa. Walimfanyia jicho la kulia wakamwambia la kushoto lingoje safari nyingine. Mke wangu alikaa naye wodini. Mimi nilikuwa naleta ugali na maziwa mgando mpaka mlangoni, naviacha, naondoka. Fundi cherehani alipeleka sinia la pilau, akamwambia mke wangu hilo halikutoka kwangu, ni lake yeye fundi, na yeye si mkwe wa mtu hapa Tarime. Mama alikula pilau. Nasikia aliuliza kama huyo mtu ameoa.

Bandeji ilipotolewa wakampa miwani mizito, vioo vyake vinene kama chini ya chupa. Siku ya kumrudisha nilikaa kwenye nafasi yangu, nimetazama mbele. Hakuna aliyekuwa ameniambia anaona kiasi gani na mimi sikuthubutu kuuliza. Nilisikia hatua zake zikisimama nyuma ya gari.

"Gari," akasema, "kumbe wewe ni mdogo hivi."

Kisha nikasikia kidole kikikwaruza kwenye mto. "Na ua hili ni jekundu."

"Ni jekundu, mama," mke wangu akasema.

Safari ya kwenda Gorong'a ilikuwa ya raha. Jua zuri, njia imekauka. Mama aliongea na gari karibu njia yote. Aliliambia hiyo ni shule mpya, haikuwepo. Aliliambia hayo ni mahindi ya nani, mbona mabovu. Kwa kuwa alikuwa anatazama nyuma, kila kitu alikiona baada ya sisi kukipita, na mke wangu alikuwa akigeuka geuka kukitafuta. Tulipomaliza mteremko mmoja na kuanza kupanda, akaacha habari za mahindi.

"Gari," akasema. "Kumbe unavuta sigara."

"Ni vumbi, mama," mke wangu akasema.

"Vumbi nalijua. Vumbi ni jekundu, linatoka kwenye magurudumu. Huu unatoka kwenye bomba lako, na ni wa buluu. Njia ya tambarare huvuti. Ukishuka mlima huvuti. Ukimaliza kushuka ukaanza kupanda, hapo unatoa wingu moja kubwa, kisha unaacha. Nimekuangalia tangu mjini."

Mtu wa injini atajua kwa nini nilitaka kusimamisha gari pale pale. Kama ringi za pistoni zingekuwa zimekwisha, moshi ungetoka muda wote likibeba mzigo. Wingu moja baada ya mteremko, kisha basi, hiyo ni oili inayopenya kwenye vali injini inapovutwa na mteremko. Nilikuwa nimeshajiandaa kushusha injini nzima. Na balozi aliyeona moshi mweupe, mwenye duka aliyeona wa buluu, mke wangu aliyeona vumbi, kila mmoja alikuwa amesimama mahali pake nikampita mara moja. Hakuna aliyewahi kukaa na moshi ule safari nzima, uso kwa uso.

"Gari hili limesikia," nikauambia usukani.

Nilifungua silinda hedi peke yake. Vile vimpira vidogo vya kwenye vali, vya kuzuia oili, vilikuwa vimekauka vikapasuka kama mbegu za mbono. Nikachonga vingine kwa mpira wa pampu ya maji, sikuwa na uhakika navyo hata kidogo, nikafunga, nikaomba Mungu.

Daktari aliporudi nchi yetu tena tulimchukua mama kwa ajili ya jicho la kushoto, na likakubali. Wakati wa kumrudisha alikuwa kimya njia nzima. Mteremko, kimya. Kupanda, kimya. Tukafika kwenye kilima chekundu. Kilikuwa kikavu siku hiyo, tukakipanda kutoka upande wa pili kwa gia ya kwanza, mbele mbele, naye akikitazama kikishuka nyuma yake.

Tulipofika kwenye boma lao wanawake wakaja kumpokea. Nilisikia nyonga ikishuka polepole, fimbo ikigusa ardhi, halafu kiganja kikapiga bodi mara moja.

"Gari, umeacha sigara," akasema. "Vizuri." Akapiga hatua, akasimama. "Lakini gurudumu lako moja la nyuma, la upande wa zizi, linayumba. Litazamwe kabla halijamwangusha mtu."

Baba mkwe, aliyekuwa mlangoni, alitoa sauti ambayo kwa mtu mwingine ningesema ni kicheko. Mimi nilikaa palepale nikitazama mbele, nikangoja mpaka kikohozi kilipoingia ndani na mlango ukafungwa. Ndipo nikashuka, nikatoa jeki, nikaenda kulitazama lile gurudumu.